Mlango wa Jirani Huko Rusko

Mjukuu wangu Nasra,

Sisi hapa Al Qusais hatujambo. Mdogo wako Zuhura ndiye anayeniandikia, na hataki nikosee hata nukta.

Unauliza mbona majirani wa Rusko, kimji chenu cha Wafini karibu na Turku, hawajaja kukuona. Nami nilipofika Dubai, binti mbichi, nilingoja. Kwetu Unguja mwenyeji ndiye humwendea mgeni. Jirani yangu, mama wa Kipakistani, hakuja. Siku anahama tulikutana kwenye lifti.

“Nilidhani hutaki watu, binti.”

“Nami nilidhani hunitaki, mama.”

Tukacheka, lifti ikafika chini. Sikumwona tena, na mpaka leo inaniuma.

Zuhura anauliza Wafini husemaje “hodi”. Kamuulize jirani.

Bibi yako