Makumi mbili ya Isidore

Nadège, uko? Mi niko huku Lweba, kando ya ziwa.

Unakumbuka ule mutumbwi wa bamama benye kukimbia masasi ya vita kule Swima, ukazama? Leo Bertin, ule muzamiaji, alienda chini ya maji kutafuta miili.

Akaniuliza: "Nibebe hewa ya kawaida ao ile chupa ya oksijeni mingi? Ile inanipa muda murefu, lakini nikishuka sana inaniua. Na kipimo changu cha kina kimekufa. Uliza bavuvi, ni mita ngapi?"

Muvuvi mumoja, muzee Isidore, akasema makumi mbili. Nikamwambia Bertin: "Mita makumi mbili. Kamata ya oksijeni."

Makumi mbili! Nadège, Isidore anahesabu kamba na pima, mikono yote mbili wazi! Pima moja ni karibu mita mbili! Mi mutoto wa muvuvi, nilisahau namna gani?

Walimutoa akirukaruka kama samaki ndani ya mutumbwi. Iko muzima, Mungu anisamehe.

Lakini sasa wote wanamutukana Eddy, mwenye kujaza chupa za Bertin, ati aliijaza mubaya. Eddy akanigeukia, analia: "Weye uliniona nikiipima, ilikuwa muzuri. Waambie!"

Nikasema sikuangalia.