Kigoda cha Bibi Marsiana

Deodata, uko wapi? Acha unachofanya usome hii. Bibi yako Marsiana kaaibishwa makumbusho mbele ya watu!

Si leo wamefungua maonyesho ya msimu, yale ya maisha ya Ujamaa? Bibi kaingia na fimbo yake taratibu, kafika kwenye kigoda kimoja, kashika mdomo. "Hiki changu."

Mlinzi akamfokea, "Usiguse!" Bibi YAKO huyo!

Bibi akamwambia, "Basi kigeuze wewe. Chini kuna mikato mitatu. Marehemu alikata mmoja kila nilipojifungua."

Mlinzi akakigeuza. Mitatu, Deodata! Watu wote wakaiona. Huo wa tatu si ndiye mama yako?

Na kibandiko kimeandikwa nini? "Mwenyewe hajulikani. Kimetolewa na Mzee Anatoli." Ndiye mgeni rasmi! Yule yule balozi wa nyumba kumi aliyewapakia kina bibi kwenye lori mwaka sabini na nne, wahamie kijijini, akawaambia vitu vitafuata.

Bibi akamgeukia. "Anatoli, ndiyo vimefuata?"

Mzee akacheka. "Mpeni soda huyu mama, uzee umemchanganya." Na watu nao wakacheka. Wakacheka, Deodata!

Bibi akaomba kukaa. Akaambiwa viti vya mbele ni vya wageni, na kigoda cha maonyesho hakikaliwi.

Sasa hivi yuko sakafuni, pembeni ya kigoda chake, soda hajaigusa. Njoo umchukue wewe. Wamembembeleza wee, anasema safari hii haondoki mpaka vitu vitangulie.