Mama Amenisalimu kwa Adabu

Kerugoya, Jumapili jioni

Mdogo wangu Simiyu,

"Kikundi cha ukoo ni kama kanisa, mwenye matusi akae nje." Ndivyo ulivyoandika kabla ya kunitoa kwenye kikundi chetu cha simu. Nitakujibu, lakini kwanza, hujambo? Watoto wako wazima? Goti la Mama linamruhusu kufika kisimani? Zamani nisingeuliza, ningesoma asubuhi kikundini. Mimi ni mzima, ila baridi ya mlima imeingia mpaka kwenye chaki.

Sasa kanisa lako. Dada yetu Nekesa alipopoteza mimba, binamu yetu Wafula aliandika: "Pole dada. Mungu ana sababu ya kuzinyima nyumba nyingine watoto." Hakuna tusi hapo. Kila neno limeoga na kuvaa tai. Watu wakaitikia amina, nawe ukaweka vikono vya sala. Mimi nikaandika kwamba Wafula ni mbwa, tena namwomba mbwa radhi. Nani alitolewa? Simiyu, wewe unapima gunia bila kulifungua, hujui kama ndani mna mchele au mawe.

Usinisingizie kwamba nataka kila tusi liruhusiwe. Nasoma vikundi vya mitaa ya huku. Wakati wa kura nilisoma yaliyoandikwa kuhusu sisi tuliotoka magharibi, nikaanza kufunga mlango mapema. Tusi la kumvua mtu utu wake lifutwe, na aliyeliandika alifuate huko huko. Lakini kuna tusi linalokuingiza nyumbani. Umemsahau Mjomba? Siku ya kuamkia kisu cha tohara alituvika nyama shingoni kama ilivyo desturi yetu, akatuzaba makofi, akatuita waoga na watoto wa kunguru mbele ya kijiji kizima. Hakuna aliyetupenda siku ile kumzidi yeye.

Hapa hakuna anayenitukana. Huujui upweke huo. Mwenye nyumba ananiita Mwalimu, muuza maziwa ananiita Mwalimu. Wenzangu shuleni wanacheka kwa Kikuyu; nikiingia wanageukia Kiswahili na kuniuliza habari za asubuhi. Ni watu wema. Adabu yao ni kiti cha mgeni, nami nimekikalia miaka.

Alhamisi nilicheza drafti na Karanja, kinyozi wa karibu na stendi. Nilisogeza kete vibaya, akazila tatu kwa mpigo, akapiga meza.

"Mwarimu! Ati wewe ndio unafundisha watoto wetu? Kichwa kubwa hivi na ndani hakuna kitu, kama gunia ya makapi!"

"Nyamaza, wewe unayenyoa watu kama waliotafunwa na mbuzi!"

Waliokuwa wakisubiri kunyolewa waliangua kicheko. Simiyu, nilimnunulia chai. Nikatoa simu niwaambie nyumbani kwamba hatimaye nimetukanwa, ndipo nikakumbuka sina pa kuandika.

Basi leo nikampigia Mama. Unajua sauti aliyokuwa akinitumia kikundini kila asubuhi: "Wewe kichwa cha kiboko, umekula, au bado unabishana na vitabu?" Leo amesema, "Bwana asifiwe, mwanangu. Natumai u mzima." Nikamuuliza nani amekufa.

"Hakuna," akanong'ona. "Simiyu ameweka sheria. Hata mimi nimepewa onyo."

Ulimpa Mama onyo! Mwanamke aliyetulea kwa uji na matusi, wala hatukupungukiwa na kimojawapo.

Nimeandika kwa karatasi makusudi, maana karatasi haina kitufe chako. Msalimie mkeo. Mwambie Mjomba shingo yangu bado inakumbuka. Kaa na Nekesa, na usimweleze sababu za Mungu.

Kisha msomee kila mtu sehemu hii. Wafula, mwombe dada yetu msamaha, kwa maneno yako safi ukipenda; ukishamwomba, neno "mbwa" nitalifuta mwenyewe. Simiyu, nirudishe kikundini, na uondoe onyo la Mama mbele ya wote uliompa mbele yao. Nawe Mama, kesho asubuhi, kabla chai yangu haijapoa, shika simu unitukane. Anza na kichwa.

Ni mimi kaka yako,
Wanjala