Matango Yasiyoleta Mbweu

Jumamosi, 13 Aprili 2024
Aibu gani hii! Mama yake Amuri kaja kula sikukuu kwetu, aone nyumba ambamo mwanawe anataka kuoa — na Radjabu, mume wangu, anapiga mbweu mbele ya sahani! Mbweu za tango, zenye harufu. Mama wa watu kaziba pua na mtandio. Sabrina, mutoto wangu, kalia mpaka macho yamevimba. Radjabu anasema kosa iko kwa tango, si kwake. Kuacha tango? Hataki. Mwanaume huyu ananitia kinyaa.

Jumanne, 23 Aprili
Mbegu alizotuma shemeji wa Ubelgiji, nilizopanda mwezi wa pili, zimezaa! Matango marefu, ganda laini, eti hayaleti mbweu. Nimeyapandisha kwenye wavu mukuukuu wa kuvulia ndagala, vile visamaki vya ziwa, nyuma ya nyumba. Wavu unanuka, nzi hawaishi, paka wanakojoa pale — lakini matango yananing'inia yamenyooka. Nimemuonjesha Radjabu. Nikangoja. Kimya! Alhamdulillahi. Nimempigia mama yake Amuri: waje Jumapili ya tarehe 12 Mei, tupange siku ya ndoa.

Ijumaa, 10 Mei
Ziwa limepanda tena. Usiku limeingia bustani, limepitia kwanza choo cha jirani Akonkwa. Ptuu! Vilivyoelea kati ya matango yangu siviandiki. Ya chini yamezama, ya juu yamerukiwa. Nimemwambia Radjabu: hakuna kula, hata moja. Kaitikia. Nimetapika ukutani.

Jumapili, 12 Mei
Natoka jikoni na sombe ya majani ya muhogo na samaki mukeke wa kuchoma — nakuta sahani ya matango mezani! Yamekatwa duara duara, yamekamuliwa ndimu. Radjabu ananikonyeza. Ananinong'oneza eti ameosha vizuri, tena amechuma ya juu tu. Mama yake Amuri ameshakula, anataka tena. Eti matamu, eti nimpe mbegu!

Nilitaka kusema. Sabrina akanitazama, akatabasamu — wiki nyingi sijaona meno ya huyu mutoto. Nikasema: murakoze, asante mama, karibu, kula.

Ndoa ni mwezi ujao. Mezani hakuna aliyebeua. Nimepiga mswaki mpaka damu na kinyaa hakitoki.

Jumatatu, 13 Mei
Radjabu iko juu ya ndoo tangu alfajiri. Maji matupu, meupe kama ya kuoshea mchele: kipindupindu. Macho yamezama. Harufu imejaa nyumba nzima, nashindwa kukaa naye chumba kimoja. Teksi ya hospitali bado.

Simu inalia. Sabrina ameangalia: ni Amuri. Mutoto anacheka, anafikiri ni habari ya mahari. Ananinyooshea — mama, shika basi, utaandika baadaye.