Kunguni Wenye Ukoo

Jumatatu, 3 Machi
Wamerudi. Shangazi kaamka na shingo imevimba pande zote, kama kavaa mkufu. Nimefunua godoro letu — ile harufu! Tamu, chafu, ya kutapisha. Nimemponda mmoja kwa kidole gumba. Damu. Ya shangazi au yangu, nani ajuaye. 

Jumatano, 5 Machi
Mwenye nyumba kaja kupuliza dawa mwenyewe, eti kubana matumizi. Nilikuwa kwenye cherehani mlangoni, nikamwona: kifuniko kimoja cha dawa, ndoo nzima ya maji. Ndivyo afanyavyo kila mara. Nikamwambia kwa upole kwamba dawa iliyozimuliwa huua wale dhaifu tu. Wanaobaki ndio wanaozaa, na watoto hurithi usugu wa wazazi. Kitabu changu kisicho na jalada kinaeleza vizuri. Akacheka. Akasema yeye hadithi za binadamu na nyani haziamini.
Sawa. Kunguni nao hawajamwomba imani yake.

Ijumaa, 7 Machi
Kikao uani. Wapangaji tunajikuna kwa adabu. Mwenye nyumba katangaza kuwa chanzo ni chumba chetu: shangazi ni mzee, hawezi tena usafi. Ahame kesho jioni. Mimi nibaki, maana namshonea nguo. Fundi bomba wa chumba cha pili kamtetea kidogo tu. Naye ana chumba cha kulinda. Mwenye nyumba akamalizia kama mhadhiri:
"Ndiyo dunia, bibi. Mwenye nguvu anabaki, mnyonge anapisha."
Kumbe! Nyani kawakataa, hilo moja la kitabu changu kalibeba. Na kalibeba kichwa chini: anayebaki ni yule anayefaa pale alipo. Kunguni ana nguvu gani? Ana mahali tu, na mahali hapo kaandaliwa kwa ndoo. Kinyaa nilichosikia hata godoro halijanipa.
 Shangazi kakunja nguo zake moja moja, akikagua kila mshono.

Jumamosi, 8 Machi
Mwenye nyumba kaleta koti lake. Binti yake anaolewa leo, nilipunguze kiuno upesi. Yuko uani anapiga simu, anacheka na wakwe. Shangazi kaketi juu ya begi lake. Kaniuliza mbona cherehani imenyamaza.
Nimegeuza kola. Ndani ya bitana — jike limeshiba, jekundu, na mayai yamegandia kitambaani kama punje za chumvi. Koti nimelitoa sasa hivi kwenye mfuko wake uliofungwa. Mayai yote haya hayakutagwa mapajani mwangu.
Nimemwonyesha shangazi. Nikainua kidole gumba.
"Usimponde," kasema. "Mwite mwenyewe aje alivae hapa mlangoni. Na fundi bomba aje, na wapangaji wenzake wote, wamwone anavyopendeza."
Kola nimeiacha imegeuzwa. Simu kaikata. Viatu vyake hivyo, vinakuja —