Mama Wawili wa Eunike

Jumanne, 8 Oktoba 1974

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba upendo wa mama unafanana na wa Mungu kwa sababu ni mlaini. Uji nao ni mlaini. Upendo wa mama unafanana na wa Mungu kwa sababu hautaki mshirika. Mungu mwenyewe, katika Amri, amesema ana wivu. Nimeandika hivyo kwenye karatasi ya somo la akina mama, Jumapili ya tarehe 20. Nimesoma mara mbili. Sijaona kosa.

Nimepepeta uwele. Nimechota maji ndoo moja tu, mgongo umekataa ya pili.

Mchana lori limeshusha watu wa mwisho wanaohamia kijijini. Saba. Wa saba ni Tabea.

Niandike wazi, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Tabea ndiye aliyemzaa Eunike. Mimi ndiye niliyemlea. Tabea alikuwa msichana wa miaka ishirini alipopelekwa kambi ya wakoma akiwa na mimba. Siku zile mtoto aliondolewa kwa mama mgonjwa saa ileile anayozaliwa, asiambukizwe. Mume wake alikwisha oa mwingine. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa walimu wa misheni, hatuna mtoto. Tuliletewa Eunike amefungwa kwenye kipande cha shuka. Alikuwa na siku mbili.

Tabea alipona zamani. Alibaki kambini kwa kuwa ndugu zake hawakumtaka. Sasa serikali imesema kila mtu aishi kijijini, na kijiji alichopewa ni hiki chetu, maili tatu kutoka Kinampanda. Nyumba ya nne kutoka kwangu. Mistari ya nyumba iko sita. Wangeweza kumpa mstari mwingine.

Alikuja kunisalimu. "Shikamoo, Mwalimu." Akapiga goti. Vidole vya mkono wa kulia vimebaki viwili vifupi, vya kushoto kimoja. Nilimjibu marahaba. Sikumkaribisha ndani.

Jumatano, 9 Oktoba

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Yona, amepita na daftari lake kuandika wageni. Amemwandika Tabea "Mama Eunike."

Nikamwuliza mimi ni nani.

"Wewe ni Mwalimu. Wewe hata bwana shamba anakujua."

"Miaka ishirini na mitatu naitwa Mama Eunike."

"Basi nitaandika Mama Eunike Mkubwa na Mama Eunike Mdogo. Kama wake wenza. Tatizo mume hayupo."

Wanawake waliokuwa wakitwanga waliangua kicheko. Mmoja alisema wake wenza wasio na mume hawana sababu ya kugombana. Sikucheka. Nilirudi ndani nikapanga vitabu ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Jina hilo sikulizaa. Nililifanyia kazi. Surua, vidonda, masizi ya taa ya kusomea, ada, sare, machozi ya bweni. Watu husema uchungu wa mama ni wa siku moja. Wa kulea hauna siku.

Ijumaa, 11 Oktoba

Eunike amefika kutoka Itigi. Mume wake anafanya kazi stesheni, hakupata ruhusa. Mimba imeshuka. Amevimba miguu. Amekuja kwa desturi yetu: mimba ya kwanza binti hurudi kwa mama yake, azalie hapo, apikiwe uji, akandwe, atoke nje mtoto akiwa na nguvu. Chumba nimekitayarisha tangu Agosti. Nimekipiga udongo mweupe. Nimeshona vijinguo vitatu vya mtoto.

Alikunywa maji. Akauliza, "Yuko nyumba ipi?"

Anajua habari zake. Nilimweleza mwenyewe alipopata kipaimara. Nilimweleza kwa ufupi.

Alikwenda saa nne. Alirudi saa tisa. Chakula kilipoa. Nilikifunika, nikakifunua, nikakifunika.

Aliporudi alikuwa amelia, lakini uso ulikuwa umetulia. Akasema Tabea alimwambia kwamba kila mwaka baada ya mavuno alituma kibuyu cha samli, mtoto apakwe mwilini. Alilima karanga kambini, akabadilishana na wafugaji wa Kitaturu kwa samli. Mwinjilisti alikileta kwa baiskeli.

"Mama, nilipakwa?"

Nikasema, "Ulipakwa."

Amelala sasa. Ni jioni tu, jua bado lipo. Naandika haraka.

Hakupakwa. Vibuyu vilifika, tisa, mwaka hadi mwaka. Vyote nilivifukia nyuma ya zizi la zamani, pamoja na samli yake. Mwaka wa kumi nilimtumia Tabea neno kwamba mtoto anakwenda bweni, asijisumbue tena.

Mume wangu aliniuliza mara moja kwa nini. Nilimjibu, ugonjwa. Watu wengi hapa waliamini kwamba ukoma hukaa kwenye kibuyu, kwenye kigoda, kwenye kizingiti. Lakini mimi si watu wengi. Daktari wa misheni alikuja shuleni kwetu akatueleza walimu, na mimi ndiye niliyemtafsiria kwa Kinyiramba. Nilisema kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba chakula hakina ukoma. Nikaenda nyumbani nikachimba shimo.

Haikuwa hofu. Ulikuwa wivu. Sikutaka ngozi ya mtoto wangu ing'ae kwa mafuta ya mwingine.

Jumatatu, 14 Oktoba

Darasa la kisomo, alasiri, kwenye ukumbi wa ghala. Wanafunzi kumi na wanne, wengi wana wajukuu. Tabea amekuja. Anashika penseli kati ya viganja viwili, kama mtu anayepekecha moto. Nilimpa ubao mdogo wa chaki, akaukataa. Alitaka karatasi kama wenzake.

Niliwaambia waandike neno lolote wanalolipenda. Mzee mmoja aliandika NG'OMBE. Wenzake wakamwambia ng'ombe wake ni wanane, aandike wote. Tabea aliinama muda mrefu. Aliandika EUNIKE. Herufi ya K aliigeuza nyuma mbele.

Ni kazi yangu kusahihisha. Nilisahihisha. Wino mwekundu. Kwa wengine nilitumia penseli.

Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na moja na najua nilichofanya.

Jumatano, 16 Oktoba

Kisimani. Tabea amewaeleza wanawake habari za samli. Alisema kwa furaha, bila kujivuna. "Mwoneni ngozi yake. Ile ni samli yangu na mikono ya Mwalimu. Tulimpaka wawili." Wakamjibu kwamba kweli, binti anang'aa kama mbegu ya mbarika. Akanigeukia: "Au siyo, Mwalimu?"

Nikasema, "Ndiyo."

Sasa uongo wangu umekuwa furaha yake. Nikiuondoa, ninamnyang'anya mara ya pili. Nikiuacha, amepata sehemu ambayo hakuwahi kuwa nayo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, niandike kweli. Hata samli ambayo haikumgusa mtoto namwonea wivu.

Jioni Eunike alikaa karibu nami jikoni. Akasema polepole, "Mama, naomba nijifungulie kwa mama Tabea. Wewe umeniuguza miaka yote. Yeye hajaniuguza hata siku moja."

Ombi la haki. Mtoto niliyemfundisha haki. Nikachochea moto. Nikasema, "Sawa. Lakini mikono ile itamshikaje mtoto mchanga?"

Sikusema ukoma. Nilisema mikono. Yeye alisikia ukoma, na mimi nilitaka asikie. Akashika tumbo.

Kisha akasema, "Basi nitabaki hapa."

Nimeshinda.

Alhamisi, 17 Oktoba

Hakuna la kuandika. Joto. Eunike hajaenda nyumba ya nne leo. Wala hakuzungumza nami sana.

Jumamosi, 19 Oktoba

Amezaa. Msichana. Saa nane mchana.

Uchungu ulianza alfajiri. Mkunga wa zahanati alikuja kwa miguu, mama mnene, mcheshi, anaita kila mtu "mwenzangu." Mimi nilishika mabega. Tabea alikuja bila kuitwa, akabaki uani. Alichemsha maji. Alipasua kuni, sijui vipi. Kila nilipotoka, chombo kilikuwa tayari mahali pake. Hakuvuka kizingiti. Mara moja tu nilimsikia akisema kutoka nje, "Eunike, mwanangu, vuta pumzi." Eunike akavuta pumzi. Mimi nilikuwa nimemwambia hivyo saa nzima.

Hata hapo niliona wivu. Mtoto anatoka, damu ipo, na mimi ninapima nani amesikilizwa.

Mkunga alimfunga mtoto akauliza, "Bibi wa kumpokea yuko wapi, mwenzangu?" Eunike akatazama mlangoni. Mimi nikanyoosha mikono. Lakini Tabea ndiye aliyejibu, kutoka uani: "Mpe Mwalimu. Mikono yangu inatisha watu."

Neno langu lilikuwa limemfikia. Sijui kwa nani. Kijiji kina mistari sita na kuta za udongo.

Nilimpokea mtoto. Mzito, mwekundu, amekunja uso kama mwenye kesi. Nilikuwa nimemtamani kwa miezi. Nilimshika, na raha haikuja.

Baadaye nilimkuta Tabea jikoni kwangu akikoroga uji, mwiko ukiwa kati ya viganja. Nilisimama. Bila kugeuka akanieleza, kama anayezungumza na chungu. Alipomzaa Eunike kambini, muuguzi alimwuliza kama anataka kumwona kabla hajaondolewa. Alikataa. "Nilijua nikimwona sitamwachia. Na nisipomwachia, atakufa au atakuwa kama mimi. Nikafumba macho. Nikasema, mpelekeni kwa mtu atakayemfundisha kusoma." Akaonja uji. "Chumvi ndogo."

Nilimsaidia kuepua.

Jumapili, 20 Oktoba

Karatasi ya somo nimeichana kabla ya ibada. Niliyoiandika haikuwa ya uongo. Ilikuwa nusu, na nusu hiyo niliichagua kwa sababu ilinifaa.

Mungu ana wivu, ni kweli. Lakini anamwonea wivu mtu wake asipotee. Mimi nilikionea wivu kigoda changu kisikaliwe. Hayo ni mambo mawili, na mwalimu mzima niliyaandika kama jambo moja.

Niliwaambia akina mama maneno machache, nimesimama, bila karatasi. Nilisema: tukitaka kuona upendo wa Mungu katika mama, tusitazame tu anavyoshika. Mnyama naye hushika. Tutazame anavyotoa. Mungu alimtoa Mwana kwa ajili ya watu ambao hawakumshukuru, na waliopokea walimtendea vibaya. Yuko mama aliyefumba macho akamtoa mtoto ili aishi, akatuma mafuta miaka tisa, na aliyepokea aliyafukia ardhini.

Walidhani ni mfano. Mama mmoja aliguna, "Huyo aliyefukia ana roho gani?" Nikasema, "Roho kama yangu." Wakadhani ni unyenyekevu. Ndiyo ubaya wa kusema kweli madhabahuni, watu huigeuza kuwa somo. Tabea hakuwapo. Alibaki na Eunike.

Kwa hiyo nilirudi nyumbani kusema tena, bila mfano.

Nilianza na Eunike, kwa kuwa ndiye niliyemdanganya kwanza. Alisikiliza hadi mwisho. Hakulia. Akanigeuzia mgongo, akamnyonyesha mtoto akitazama ukuta. Hakusema amenisamehe na mimi sikumwomba aseme.

Kisha Tabea. Alikuwa uani anaosha nepi.

Nikamwambia samli haikumgusa mtoto.

"Mwaka gani?"

"Yote."

Akakamua nepi kwa viwiko. Akaianika. Akachukua nyingine.

"Ulifukia na vibuyu?"

"Na vibuyu."

"Vile vilikuwa vibuyu vizuri, Mwalimu. Nilikuwa navichagua."

Nikasema najua. Na nikasema nepi zile aniachie mimi. Hakuniachia. Nilisimama pale mpaka beseni likaisha. Uso wake ulikuwa umezeeka pale pale, na mimi ndiye niliyeuzeesha. Kisha akasema, "Nilipokuwa najaza samli kibuyuni nilikuwa namwambia Mungu, apone tu. Sikumwambia apone kwa samli. Amepona. Amesoma. Amezaa." Akasimama. "Lakini leo usiongee nami tena."

Sikuongea naye tena.

Jumatatu, 21 Oktoba

Asubuhi. Upepo kidogo kutoka upande wa mlima. Mvua bado, ila mawingu yameanza kukusanyika mbali.

Eunike amekunywa uji wote. Amenipa shikamoo yake ya kila siku, kwa sauti ndogo. Mtoto amelala. Mzee Yona amekuja kuuliza jina la kuandika, nikamwambia amwulize mama wa mtoto, si mimi. Ameshangaa. Amekwenda.

Wivu bado upo. Nilidhani ungetoka pamoja na maneno. Nimeuona asubuhi hii Tabea alipopita mlangoni na Eunike akainua kichwa upesi. Umeniuma palepale. Labda hautoki. Labda mtu huupa kazi nyingine.

Tabea hajamshika mjukuu wake. Siku ya tatu leo. Hataomba.

Najiandikia kazi ya leo, kabla jua halijawa kali: mchukue mtoto, mpeleke nyumba ya nne, mweke mapajani mwa Tabea, kisha utoke nje.