Nusu ya Sinia

Dada Zuhura,

Shikamoo. Nimeandika hivyo, kisha nikakaa kama mjinga kusubiri marahaba yako.

Tangu tukuzike sijagusa sinia letu. Hata kwenye sahani ndogo mkono wangu unaishia katikati, kama vile nusu ile nyingine ina mwenyewe. Juzi niligeuka nikakuambia usogeze kachumbari. Mama alinisikia, akaendelea kuchambua mchele.

Unakumbuka ubishi wetu? Mimi, muuza vitumbua wa Dunda, niliapa kuacha wanga. Sili wali, sili muhogo, ni samaki na mchicha tu. Wewe ukasema wanga hauna kosa lolote, kinachonenepesha ni kujaza. Ule kila kitu, ila nusu. Ukapiga mstari kwenye wali kwa kidole. Kila Ijumaa tulipanda mizani ya duka la dawa, na kila Ijumaa ulinishinda. Nilikuonea wivu, Dada. Nilisema unanichezea rafu, unafunga kwa siri.

Halafu ukaanguka jikoni. Ulinishika mkono ukasema, "Usimwambie Mama, ataanza kunijazia sahani." Nami nikacheka. Nikakwambia hayo ndiyo matokeo ya nusu sahani, ungeacha wanga ungekuwa na nguvu kama mimi. Nikanyamaza miezi miwili. Daktari alipouona uvimbe tumboni, alisema tumechelewa.

Siku ya kukuosha niliwekwa upande wa miguu. Shangazi aliposema tukugeuze, nilikaza mikono kwa uzito wako niliouzoea, nawe ukaja mwepesi mno. Wepesi ule haujanitoka mikononi. Nikiinua ndoo ya unga, nausikia.

Sasa wateja wananisifu nimepungua, wananiuliza nimeacha chakula gani. Huenda ulikuwa sahihi kuhusu wali. Sijui, wala sina hamu ya kujua. Nawafungia vitumbua vyao waende.

Mama ndiye anayenimaliza. Kila baada ya magharibi ananiuliza kwa sauti ya chini, "Hakukwambia kitu, mwanangu?" Nasema hapana. Basi anaanza kujilaumu, mzazi gani haoni mwanawe anakwisha, nami nimekaa pale pale namsikiliza. Naogopa akijua hatanitazama tena.

Nakuaga, Dada. Mola akupokee kwa upole na akupanulie hapo ulipolala. Nisamehe, ile siri ya jikoni siiwezi tena. Leo Mama akiuliza, nakuahidi nitamwambia: alianguka mbele yangu, nikacheka.

Mdogo wako,
Mwanaidi